Maski Haikai Kwenye Paji la Uso

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya kuzamia Unguja, yenye jalada la msichana aliyeketi ukingoni mwa boti, bila shaka mnaikumbuka, maana toleo lililofuata mliisifu wenyewe. Nimelisoma jarida lenu miaka mingi nikinyamaza. Safari hii mmenishinda.

Tuanze na jalada. Maski, ile miwani ya kuzamia, iko kwenye paji la uso. Aliyefundishwa kuzamia huishusha shingoni, kwa sababu wimbi dogo likimpiga usoni maski inakwenda na maji, na wenzake wakiiona pajini wanadhani ametaharuki. Okto, ile reguleta (kifaa cha kuvutia hewa kwa mdomo) ya akiba yenye mpira wa njano, ameikalia. Gaji, saa ya kupimia hewa, inasoma sifuri, yaani mtungi wa hewa haujafunguliwa. Nywele ziko wazi hadi kiunoni. Unywele mmoja ukipita chini ya mpira wa maski, maji yanaanza kuingia. Zikinasa kwenye valvu nyuma ya shingo, huzitoi mwenyewe. Nywele husukwa mkia mmoja ukafungwa chini, kisogoni, si utosini, ili mkanda wa maski upate pa kukaa. Mwenye hijabu huurudisha ukingo wake nyuma kidogo mpaka mpira wa maski ushike ngozi tupu pande zote, halafu anaishusha hijabu juu ya mkanda. Hakuna zaidi. Wanawake wanazamia hivyo huku kwetu na samaki hawajalalamika, lakini katika makala yenu nzima nimeona bikini tu.

Najua picha ile ilivyopatikana, maana nilikuwa palepale kwenye kompresa nikijaza mitungi. Yule binti ni divemasta, yaani kiongozi wa wazamiaji. Asubuhi ile alikuwa ameshapeleka wageni kisiwa cha Mnemba na kuwarudisha. Mpiga picha wenu akamwambia avue wetisuti, ile suti ya mpira ya kuzamia, afungue nywele, aipandishe maski "ili uso uonekane". Kisha akatoa chupa ya mafuta ampake mabega yang'ae. Mafuta, Mhariri, na pembeni yake kuna seti ya oksijeni ya dharura! Oksijeni tupu yenye shinikizo kubwa ikikutana na mafuta inaweza kuwaka, ndiyo maana valvu ile haiguswi kwa mkono wenye hata tone la losheni. Nahodha alipoihamisha seti, mpiga picha akaudhika kwamba tunamharibia mwanga. Na yule kaka wa ukurasa wa pili, anayeonyesha kidole baharini kama amiri jeshi, ambaye mmemwandika kuwa ndiye "kiongozi wa wazamiaji"? Ni mwanafunzi wa binti yuleyule. Kaka huyo ana cheo na jina. Binti ameandikwa "mrembo wa bahari".

Maandishi nayo hayana nafuu. Mnasema kazi hii ni nzito kwa wanawake. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukijazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) hauzidi kilo 17 hivi, na hewa yenyewe humo ndani ni kilo mbili na nusu na ushei. Ndoo ya lita 20 kichwani ni nzito kuliko hapo, na hiyo sijaona mkiishangaa. Chini ya maji, uzito wenyewe si hoja. Hoja ni hewa. Mtu mwenye mwili mdogo na pumzi tulivu anaweza kuvuta lita 14 kwa dakika. Pandikizi la mtu linalopiga mapezi ovyo huvuta 22. Kwenye mita 18 shinikizo ni bar 2.8, kwa hiyo mtungi uleule, ukibakiza bar 50 za kupandia, unampa wa kwanza dakika 42 na wa pili 27. Wageni wetu wengi hupandishwa mapema na hewa ya mume, si ya mke. Kinachowatesa wanawake kwa kweli hamkukigusa: vituo kununua bisidi, yaani jaketi za kuelea, za M na L pekee. Jaketi likimzidi mtu linapanda mpaka masikioni anapoelea, mtungi unampiga kisogoni, na wetisuti pana inapitisha maji mgongoni hadi anatetemeka kwenye bahari ya nyuzi 27. Baadaye utasikia, "Wanawake hawaiwezi baridi."

Lakini kilichoniwasha hasa ni ile sentensi kwamba wanawake "wameanza juzijuzi kujitosa katika mchezo huu wa wanaume". Juzijuzi? Simone Melchior, mke wa Jacques Cousteau, yule mzamiaji wa Kifaransa mwenye filamu za baharini, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza duniani kuvuta hewa ya mtungi baharini, tangu miaka ya 1940, na ni kupitia baba yake, mkubwa katika kampuni ya Air Liquide, ndipo Cousteau alipompata Gagnan, mhandisi wa reguleta yao ya 1943. Aliishi ndani ya Calypso, meli yao ya utafiti, kuliko mumewe, lakini ukitazama zile filamu utadhani meli ilijiendesha. Mwenyewe hakupenda kamera, sawa, ila hata kutajwa? Mmarekani Zale Parry alishuka futi 209 mwaka 1954, karibu mita 64. Dottie Frazier alipata cheti cha ualimu Marekani mwaka 1955, na baadaye akashona na kuuza wetisuti zake mwenyewe. Mwaka 1970 wanawake watano, wanasayansi wanne na mhandisi mmoja, wakiongozwa na mwanabiolojia wa bahari Sylvia Earle, walikaa wiki mbili chini ya bahari katika nyumba ya Tektite, Visiwa vya Virgin, kama mita 15 chini, wakitoka kila siku kuchunguza samaki na mwani. Magazeti ya huko yakawabandika majina ya vimwana wa majini, yakauliza habari za nywele. Earle huyohuyo mwaka 1979 alitembea kwenye sakafu ya bahari ya Hawaii, mita 381, ndani ya vazi gumu la metali. Zaidi ya miaka 50 imepita tangu Tektite, na ninyi bado mko kwenye nywele!

Na kwa kuwa nimeshakasirika, niseme pia la wale mama wa mwani wa Paje na Jambiani, mliowapiga kwa droni kutoka juu wakiwa vidoa vya rangi kwenye maji ya kijani. Picha nzuri. Hamkusema kwamba kotoni, mwani wenye bei, inakufa kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto kupita kiasi, kwamba waliobaki na spinosum, mwani wa bei ya chini, wanapata kidogo, na kwamba anayetaka kotoni sasa afuate kina kirefu, ambako bamvu likipwa maji bado yanamzidi kimo, naye hakufundishwa kuogelea. Hiyo ndiyo habari ya mwanamke na bahari. Ninyi mmeona kanga.

Ninachopendekeza ni hiki. Kabla ya kuchapa picha ya kuzamia, mwonyesheni mtu yeyote mwenye kadi ya kuzamia aitafute okto na asome gaji. Chini ya picha andikeni jina, kazi na kina. Na kama jalada haliuzi bila mabega yanayong'aa, tunaye mzee wetu wa kompresa, ana kitambi cha kutosha na yuko tayari kuvua shati siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Mafuta atajipaka mwenyewe, mbali na oksijeni.

Masahihisho nayataka ukurasa uleule, kwa herufi zilezile: aliyeketi ukingoni ndiye divemasta; kaka anayeonyesha kidole ni mwanafunzi wake, na anachokionyesha ni nanga.

Mjaza mitungi na mwalimu wa kuzamia,
Nungwi, Unguja