Mtoto akialikwa kuwinda bata mzinga, mzazi nenda naye

Ndugu Mhariri, salaam kutoka jimbo la Missouri, Marekani.

Nimesoma barua ya yule mama wa huku Marekani ambaye jirani kamwalika mwanae kwenda kuwinda bata mzinga wa porini na hajui akubali au akatae. Wasomaji waliomjibu wengi wamemwambia akatae, bunduki na mtoto wapi na wapi, na mmoja kasema Wazungu wanamaliza wanyama. Mi nasema akubali ila aende naye mwenyewe, asimkabidhi mtoto kwa jirani kama anavyomkabidhi kwa dereva wa basi la shule. Binti yangu nampeleka mwenyewe kwahiyo naongea ninachokijua.

Kwanza hilo la kumaliza wanyama sio kweli kwa ndege huyu. Missouri walikuwa karibu kuisha kabisa, serikali ikawa inawakamata kwa nyavu na kuwahamishia misitu mingine, mpaka 1960 uwindaji ukafunguliwa tena. Na tangu sheria ya 1937 bunduki na risasi zinatozwa kodi inayorudi kwenye wanyamapori, na wawindaji ni kati ya wanaoilipa. Najua kwa wenzetu wa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na wengi tumekulia kuona ni mambo ya matajiri au majangili, huku hata fundi bomba anawinda.

Sasa mipango. Anza na makaratasi, na hapa nisikilizeni vizuri wale wageni. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hana shida, ila aliyeko kwa viza ya muda mfano ya masomo, sheria ya serikali kuu inamkataza kushika bunduki mpaka awe na leseni ya kuwinda ambayo haijaisha, na asiye na makaratasi asiiguse kabisa, hata kumshikia mtoto dakika mbili avuke ua wa waya. Usidanganywe na mtu eti ni porini nani atakuona.

Missouri ina wikiendi ya watoto wa miaka 6 mpaka 15, mwezi wa nne, kabla ya msimu wa wakubwa. Mtoto anakatiwa kibali chake, na kama hajapata cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji lazima awe bega kwa bega na mtu mzima mwenye cheti, au aliyezaliwa kabla ya 1967. Kwahiyo mama fanya hiyo kozi wewe, mtu mzima anaimaliza mtandaoni. Wikiendi hiyo anayepiga ni mtoto tu, mkubwa kazi yake kukaa na kunong'ona.

Bunduki usimpe ile kubwa ya baba mtu, ikimpiga teke begani siku ya kwanza basi umempoteza. Mtafutie geji 20, bunduki ya marisau yenye mtutu mwembamba kidogo, na yenye kitako kifupi, na wiki kadhaa kabla mpeleke akafanye mazoezi ya kulenga shabaha ya karatasi huku kaziba masikio, ajue marisau, vile vipunje vya risasi, yanatawanyika vipi kwa hatua 40 maana zaidi ya hapo asipige. Analenga shingo pale manyoya yanapoanzia, sio kifua.

Huyu ndege hanusi vizuri lakini macho yake bana, ukikuna pua tu kaondoka. Watu wazima wanaegemea mti na kutulia, mtoto hawezi, kwahiyo nunua kile kihema cha kujificha ambamo anaweza kuchezesha miguu, kula biskuti na hata kusinzia. Na nguo zisiwe na nyekundu, nyeupe wala bluu maana ndo rangi za kichwa cha dume na kuna mtu mwingine msituni ana bunduki. Ukimwona huyo mtu usimpungie mkono, ongea kwa sauti. Ukisikia dume analia usimnyemelee pia, inaweza kuwa ni mwindaji anaita.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe nendeni msikilize dume analala mti gani, afu mrudi kabla hakujapambazuka, mkae mbali kidogo, umwachie mtoto asugue kile kijisanduku cha mbao kinachotoa sauti ya jike. Hapo ndo raha yenyewe ilipo, dume akijibu kutoka juu ya mti mtoto anatetemeka mwili mzima hata asipopiga kitu! Akisema amechoka saa tatu asubuhi, mnaondoka, hata kama dume anaitika kule bondeni.

Kupe ni wengi mno, kuna aina ikikung'ata unaweza kupata aleji ya nyama ya ng'ombe na mbuzi, kwahiyo dawa kwenye nguo, suruali ndani ya soksi, na mkirudi mkague mtoto mpaka nywele. Waislamu wenzangu swali la kuchinja na bismillahi mmalize na sheikhe wenu kabla ya safari.

Akipata, mnaripoti kwa idara ya wanyamapori ya jimbo siku hiyo hiyo kabla ya saa 4 usiku. Kifua ni laini, kikaange, ila miguu ni migumu balaa, ichemshe muda mrefu ndo uiweke nazi.

Msomaji wako,
Baba wa binti, Missouri