Kwa nini alumini hatuichomelei mwaloni

Simu ya mchana huwa moja: "Fundi, njoo mwaloni Kibirizi, propela imepasuka na jioni naingia ziwani." Usiku mmoja bila dagaa tunajua unavyouma. Lakini kama propela ni ya alumini, tutakuomba uilete karakanani.

Alumini ni metali, na ukiisugua kwa brashi ya waya inang'aa. Papo hapo oksijeni iliyomo hewani inaivika utando mwembamba. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, ule utando unangoja mpaka zaidi ya 2,000. Ndani pameshakuwa uji, juu ngozi bado ngumu. Tena haikupi onyo: chuma huiva chekundu kwanza, alumini hubaki na weupe wake kisha inadondoka ghafla. Na joto hukimbia ndani yake. Unachoma ukingo huu, ukingo wa pili haushikiki.

Mashine yetu huuvunja utando huo kwa umeme, na gesi ya agoni huzuia usijirudie. Agoni ni kinyume cha metali karibu kwa kila kitu. Haionekani, hainuki, joto inalipitisha kwa shida. Kipande cha alumini cha ujazo wa lita moja kina kilo 2.7, lita moja ya agoni haifiki hata gramu 2. Alumini huwezi kuishindilia, lakini mtungi wa lita 50 unabeba karibu lita 10,000 za gesi hiyo.

Inapotoka, agoni haina umbo la kujishikilia. Ni nzito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo ndani ya karakana hutulia juu ya kiungo. Mwaloni, upepo wa ziwa unaichukua yote, na kiungo kinatoka cheusi, kina matundu kama sega la nyuki.

Mara moja tu tulikubali kuichomelea mwaloni, tukazungushia turubai. Kiungo kiliachia usiku, katikati ya ziwa, na wale vijana wakarudi kwa makasia. Hatutarudia.

Propela ije kavu, isiwe na grisi, na kama iliwahi kuzibwa kwa gundi utuambie mapema. Nanga na fremu za chuma tutazifuata hukohuko mwaloni, maana vijiti vya kuchomelea chuma vimepakwa dawa inayoungua na kutengeneza kinga yake yenyewe.