Usingizi ni kitu kimoja, saa ya mwili ni kitu kingine

Mhariri, salaam na pole na kazi. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Moshi mwaka wa kumi na moja sasa, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, alafu kazini wana mtindo wa kutugeuza, wiki hii usiku wiki ijayo mchana, yani mwili ukianza tu kuzoea unarudishwa kule ulikotoka. Nafika nyumbani Majengo macho yanawasha kama yameingia mchanga lakini usingizi hauji, mke wangu ashaenda zamani Mbuyuni kuuza ndizi na mimi bado nageuka tu kitandani. Wenzangu wengi wanameza vile vidonge vya mafua vinavyolewesha ili walale.

Binti yangu anasomea maabara, ndo kanielewesha. Ndani ya ubongo kuna kikundi cha seli kama 20,000 hivi, zinafuata mwanga na zinaupangia mwili muda wa kulala, kuamka, mpaka joto kupanda na kushuka, hiyo ndo saa ya mwili. Mwaka 1971 wanasayansi Konopka na Benzer kule Marekani waliwakuta nzi wa matunda, wale wale wanaozunguka ndizi za mama yake, saa yao imevurugika kwa sababu ya jeni moja tu, yani kipande kimoja cha maelekezo ya kurithi, na wanasayansi wengine watatu walioendeleza kazi hiyo kwenye nzi wakapata tuzo ya Nobel 2017.

Sasa kilichonigusa ni samaki. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walichukua vifaranga vya samaki wadogo wenye milia, vina siku chache tu, kila kimoja na kishimo chake kwenye kisahani cha vishimo 96, wakajaribu dawa karibu 4,000 huku kamera inarekodi usiku na mchana. Kwa nini sio panya? Panya anakesha, ila kifaranga hiki kinalala usiku kama binadamu. Na ukikiangalia mara moja kimetulia huwezi kujua kama dawa imekilewesha tu au imeisogeza saa yenyewe, lazima ukifuatilie siku kadhaa uone kinaamka saa ngapi. Hapo ndo nikaelewa vidonge vyetu, vinalewesha tu, saa inabaki pale pale.

Naomba gazeti liandike haya mambo, maana kila wiki tunasoma mizizi inayotibu kila kitu na sisi tunaolinda usiku, manesi, madereva wa mabasi ya usiku hatuandikiwi chochote. Toka 2007 wataalamu wa kansa wa WHO waliiweka shifti ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha kansa, sasa mwajiri anayegeuza watu kila wiki ameambiwa na nani? Dawa ya kusogeza saa isubiriwe, sawa, lakini ratiba ni karatasi tu inabadilishwa leo.

Mkipata daktari wa kulijibu hili liwekeni Jumapili, ndo siku yangu ya kupumzika.

Mlinzi, Majengo, Moshi