Mgongo wa Mama Neema umepona, lakini hesabu yangu bado inamtaka arudi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Pangani, Tanga. Huu ni mwaka wangu wa sita Marekani. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, na sasa nasomea kairopraktiki katika mji mmoja wa majimbo ya kati. Mji wenyewe naomba nisiutaje, maana Waswahili tuliopo hapa tunajuana wote.

Wasomaji wengi huenda hawalijui somo hili. Mama yangu nilimweleza hivi: ni tiba ya mikono. Unapapasa pingili za uti wa mgongo, unatafuta kiungo kilichokaza, kisha unakisukuma mara moja, kwa haraka na kwa kipimo. Jina limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni hiyo hiyo, kazi ya mikono. Lilianzia Davenport, Iowa, mwaka 1895, pale D. D. Palmer alipousukuma mgongo wa Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa mfanya usafi katika jengo lile na aliyekuwa hasikii vizuri. Inasimuliwa kuwa usikivu ulimrudia. Mama aliposikia hayo akasema, "Basi ndiyo kazi ya bibi yako."

Hakukosea sana. Bibi alikuwa akichua watu nyumbani kwetu. Alikuwa na kikombe cha bati cha mafuta ya nazi, anakipasha kwenye makaa, mgonjwa analala kifudifudi mkekani, na yeye anashuka na kidole gumba kuanzia shingoni, amefumba macho. Akifika penye shida anasimama hapo hapo. Haulizi sana. Akimaliza anapangusa mikono kwa kanga na kusema, "Nenda. Usirudi mpaka paume tena." Maneno hayo, Shangazi, ndiyo yanayoninyima usingizi mwaka huu.

Masomo yenyewe ni magumu, lakini sikuandikii kwa sababu hiyo. Mihula ni mitatu kwa mwaka, likizo ni siku chache. Ijumaa mpaka Jumapili nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na jozi 31 za neva za uti wa mgongo nilizikariri huko, kwenye vikadi mfukoni, kati ya kumgeuza mzee mmoja na kwenda kwa mwingine. Mtihani wa bodi, ule wa kupata leseni ya kazi, sehemu ya kwanza una masomo sita na kila somo lazima ufikishe alama 375. Nilifaulu matano, fiziolojia ikaniangusha. Nikarudia, nikapita. Kwenye maabara wanafunzi tunajifunzia miili ya wenzetu, umevaa gauni lililo wazi mgongoni, nami navaa hijabu. Nilimfuata mwalimu mmoja wa kike nikamweleza, akanipangia na wasichana wawili na akatuwekea pazia. Hata uzito wangu, kilo 51, ulikuwa tatizo. Kumsukuma kiunoni mwanamume wa kilo 100 sikuweza, mpaka nilipofundishwa kuacha kutumia mabega na kuushusha mwili wote kwa pamoja. Nilijizoeza chumbani kwa mfuko wa mchanga, muhula mzima.

Tatizo langu limeanza kliniki. Huku kwetu mwanafunzi hahitimu mpaka atimize idadi ya wagonjwa na idadi ya matibabu chini ya msimamizi, na kwa sehemu kubwa wagonjwa hao anawatafuta mwenyewe. Wenzangu wanaleta baba, shangazi, jirani, kocha wao wa zamani. Mimi sina ndugu hata mmoja katika jimbo hili.

Nilio nao ni Wakongo na Warundi waliokuja kama wakimbizi. Tangu nilipofika nimekuwa nikiwasomea barua za shule za watoto na kuwatafsiria hospitalini, kwa hiyo wananipenda na mimi nawapenda. Wengi wanafanya kazi kiwandani kwenye nyama, kisu mkononi, wamesimama zamu nzima kwenye baridi. Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa Uvira, nimwite Mama Neema, si jina lake. Alikuja amejishika kiuno, hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Nilimpima kwa makini, nikahakikisha hana ganzi miguuni na haja ndogo inapita vizuri, msimamizi akakubali, tukaanza. Safari ya tano alivua viatu mwenyewe, akacheka kwa furaha. Siku ile niliiona faida ya kila usiku niliokesha.

Kanisani kwao akanisemea. Wakaja wengine kumi. Kisha wakanialika kwenye sherehe ya ubatizo, na mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima sana, akasimama mbele ya watu na kusema, binti huyu wa Tanzania Mungu amempa mikono inayoponya kila kitu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilijua si kweli. Ningeweza kusema, mzee, mimi ni mwanafunzi, natibu mgongo na shingo tu. Sikusema. Nilitabasamu na kuinamisha kichwa, kwa sababu nilikuwa nahitaji wagonjwa.

Jumanne iliyopita Mama Neema alikuja kama kawaida. Nikampima presha: 172 kwa 104. Nikampima tena baada ya kupumzika, ikashuka kidogo tu. Nikamuuliza kuhusu vidonge vyake. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Ile dawa nilishaiacha, daktari. Mikono yako inatosha."

Shangazi, miguu iliniisha nguvu. Siku hiyo sikumgusa shingo wala mgongo. Nilimwita msimamizi, tukapiga simu kituo cha afya, nikamsindikiza mwenyewe, wakamrudishia dawa. Sasa hivi anameza. Lakini nimebaki najiuliza, kwa wale kumi wengine, nani kaacha nini? Mmoja ana kisukari. Nimeanza kuwauliza mmoja mmoja kuhusu dawa zao na sijawamaliza.

Ndani ya fani yetu mvutano huu ni wa siku nyingi. Wapo wanaoamini kuwa ukinyoosha uti wa mgongo unatibu karibu kila ugonjwa, na wapo wanaosema kazi yetu ni mgongo, shingo na viungo, mengine tuwapeleke wagonjwa kwa wenyewe. Mimi niko na hawa wa pili, kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana ukimya wangu wa siku ile unaniuma zaidi.

Kuna jambo la pili, nalo limefungamana na hilo. Tulipokuwa tunarudi kutoka kituo cha afya nilimwambia Mama Neema, mgongo wako naona umepona. Akasema, "Ndiyo, ulishapona. Lakini nitakuya tu, juu ya kukusaidia umalize masomo."

Anajua. Kumbe alikuwa anajua muda wote. Kila Jumanne anaacha saa za ziada kiwandani, anamwachia jirani watoto, anapanda basi mbili, na analipa dola 15 kutoka mfukoni kwa sababu bima yake hailipii. Kwa ajili yangu. Nilipohesabu, katika wale 11, wanne wamepona kabisa. Nimebakiza matibabu 46 kabla muhula haujaisha, na bila hao wanne sioni pa kuyapata. Nilimweleza msimamizi wangu. Akasema mpango wa matibabu unaweza kuongezwa wiki sita, wengi hufanya hivyo. Sikatai kwamba wapo wagonjwa wanaofaidika kwa kurudi mara kwa mara. Huyu si mmoja wao, na mimi ndiye ninayepaswa kuandika kwenye faili kwamba anahitaji.

Nikiwaachia waende, nitachelewa muhula mzima. Hiyo ni ada nyingine na mkopo juu ya mkopo. Nyumbani mama ameshatangaza mahafali. Wamechagua kitenge cha sare, wamekinunua, fundi ameshakata baadhi. Mdogo wangu yuko kidato cha tano na ilikubalika kuwa nikimaliza, gharama zake nazibeba mimi. Mama nikimpigia huniuliza jambo moja tu, "Tarehe ni ile ile?" Nami najibu ile ile.

Moyoni nimeshaamua, wanne hao nitawaachia. Hapo sikuulizi. Ninachokuomba ni namna ya kusema.

Kwanza huyo mzee wa kanisa. Lazima watu wale wasikie kutoka kinywani mwangu kuwa mikono yangu haitibu presha wala kisukari, na kwamba hakuna mtu wa kuacha dawa kwa sababu yangu. Lakini mimi ni msichana, Muislamu, mgeni kwao, na maneno yale aliyasema yeye mbele ya waumini wake. Nikisimama kumsahihisha hadharani nitamvunjia heshima, na pengine wataona namkana aliyenisifu. Nikienda kumwona nyumbani, niende na nani? Nimwendee mke wake kwanza? Na akikataa kuwaambia watu wake, nisubiri mpaka lini, wakati huenda kuna mtu leo asubuhi hakumeza kidonge?

Pili, Mama Neema. Kwao, ninavyowajua, ukimwambia mtu asije tena ni kama umemchoka. Hana ndugu hapa, na nadhani zile safari za Jumanne zilikuwa zinampa zaidi ya mgongo. Nataka aache kuja kliniki lakini asiache kuja kwangu.

Tatu, mama yangu. Nimwambie kwa simu, au nimtume shangazi yangu wa Muheza aende akae naye kwanza?

Mama Neema ana miadi Jumanne ijayo, saa tisa alasiri. Huwa anaanza kuvua viatu kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Nataka niwe nimeshajua la kumwambia kabla hajainama.

Binti wa Pangani,
Marekani