Macho ya wavu yakipinda, usikimbilie miwani mpya

Mzee mmoja, fundi wa nyavu kule Kirumba, Mwanza, aliingia dukani kwetu miwani kaishika mkononi. Tukamwamkia, akaitikia, akaiweka kaunta. "Wanangu, hii imeisha nguvu. Nikishona, macho ya wavu yananipindia." Tukampima, tukamwongezea namba kidogo, akalipa, akaondoka. Wiki sita baadaye akarudi ameshikwa mkono na mjukuu wake. Sasa akimtazama mtu anaona masikio na shati, ila pua na mdomo vimefunikwa na doa kama la oili chafu.

Kosa lilikuwa letu. Siku ya kwanza alishatutajia ugonjwa wake, sisi tukasikia habari za miwani. Ni kweli miwani mipya inaweza kuyumbisha sakafu siku mbili tatu mpaka uizoee. Lakini mstari ulionyooka ukianza kupinda katikati tu, tena kwa miwani ileile ya siku zote, hilo ni la retina, na hakuna namba itakayounyoosha.

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, na katikati yake pana eneo dogo la milimita tano hivi liitwalo makula. Hapo ndipo unapotungia uzi kwenye sindano, unaposomea meseji ya pesa, unapomtambulia mwanao. Kuanzia miaka 50 na kuendelea, baadhi ya watu hujijengea uchafu wa rangi ya njano chini ya makula. Kwa wengi hali hiyo huenda taratibu, miaka na miaka. Kwa wachache, sehemu hiyo huanza kutoa kwa wingi protini iitwayo VEGF, inayoamsha mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo huchipua kutoka chini na kupenya kizuizi kilichopo, kama gugumaji linavyotafuta upenyo kati ya mitumbwi. Ni mishipa dhaifu, inavuja maji na damu. Retina iliyo juu yake inavimba kama sakafu iliyoingiwa na unyevu, na picha ikiangukia kwenye sakafu hiyo, mistari inapinda.

Sisi tuna kamera ya kupiga picha ya retina. Tunatia matone ya kupanua mboni, unasubiri kama nusu saa, mwanga unamulika, basi. Picha hiyo inaonyesha damu na madoa ya njano. Haionyeshi vizuri kilichojificha chini, na hatutakudanganya kwamba inatosha. Tukitilia shaka, tunakuandikia barua uende kwa daktari bingwa wa retina, siku hiyohiyo ikiwezekana.

Huko utakutana na mashine ya OCT. Unaweka kidevu, unatazama alama, dakika chache umemaliza. Inafanya kazi kama utrasaundi, ila inatumia mwanga badala ya sauti, na inakuonyesha retina kama mkate uliokatwa slesi. Maji yaliyovuja yanaonekana kama vishimo vyeusi kati ya tabaka.

Kipimo cha zamani kuliko OCT, kilichoanza miaka ya 1960, ni cha rangi ya fluoresini. Unachomwa sindano mkononi, na ndani ya sekunde chache rangi inafika jichoni huku kamera ikipiga picha mfululizo. Mshipa unaovuja unazidi kung'aa na kutanuka. Usishtuke ngozi ikiwa njano na mkojo ukibadilika rangi mpaka kesho yake. Wengine husikia kichefuchefu. Kama una mzio, sema mapema. Siku hizi ipo pia OCT ya mishipa, isiyohitaji rangi: inapiga sehemu moja mara nyingi, na kilichosogea kati ya picha na picha ni damu, hivyo mishipa inajichora yenyewe. Kwangu mimi ndiyo picha nzuri kuliko zote. Ila haionyeshi kuvuja, na jicho likitikisika picha inaharibika, ndiyo maana sindano ya rangi haijastaafu.

Tiba ni dawa ya kuzuia VEGF, inayochomwa ndani ya jicho baada ya ganzi. Najua, watu wengi wakisikia hapo huaga. Kwa kawaida huanza kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha OCT inaonyesha kama maji yamepungua. Sehemu iliyokwisha kuwa kovu hairudi, kwa hiyo wiki sita tulizompotezea yule mzee hazikuwa kitu kidogo.

Wazee wengi wanaotujia na giza la macho huwa na mtoto wa jicho, presha ya macho au kisukari, kwa hiyo usijipe ugonjwa kabla ya kupimwa. Nyumbani ziba jicho moja, tazama nondo za dirisha, kisha badilisha. Macho yote mawili yakiwa wazi, zima humfichia mwenzake aibu.

Ukija, njoo asubuhi, na mtu wa kukushika mkono, kofia, na picha za zamani kama unazo. Matone yatakutia ukungu saa kadhaa, hivyo usije ukiendesha pikipiki. Anayetoka Ukerewe aulize kwanza saa ya chombo cha kurudi. Mwanga wa ziwa mchana, mboni zikiwa zimepanuka, ni adhabu.