Wadai wawili: barua kwa wanangu mlionunua nyumba Bamburi

Wanangu,

Pokeeni salamu kutoka barazani kwangu. Nawaandikia ninyi familia changa mliohamia mtaa wetu hapa Bamburi, Mombasa, miaka hii mitatu minne, mlionunua nyumba zenu za kwanza kwa mkopo wa benki au wa Sacco.

Nawaona kila Jumamosi. Lori la mchanga linarudi kinyumenyume mpaka kizingitini, mafundi wanashusha vigae, mama mtu amesimama pembeni na mtoto kiunoni akihesabu mifuko ya saruji. Moyo wangu hufurahi. Lakini Ijumaa iliyopita, watu walipotoka msikitini, niliwasikia wawili wenu wakibishana hapa nje. Mmoja anasema kila shilingi iende benki mpaka deni liishe, nyumba itatengenezwa baadaye. Mwenzake anasema deni ni la miaka ishirini, halina haraka, afadhali aishi pazuri sasa. Nilinyamaza kwa kuwa sikuulizwa. Siku nne nimelala nalo na kuamka nalo, na leo nasema, maana kosa la jambo hilihili nimelilipia kwa fedha na kwa machozi ya mke wangu.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo hakuna asiyelijua. Ila nyumba ya hapa kwetu ina wadai wawili. Benki ni mmoja. Wa pili ni chumvi, na huyo haandiki barua.

Nianze na benki. Miaka thelathini nilikuwa karani wa hesabu, kwa hivyo mniwie radhi kwa tarakimu. Tuseme umekopa milioni 5 kwa riba ya asilimia 13, ulipe kwa miaka 20. Kila mwezi utatoa kama shilingi 58,600. Mwezi wa kwanza, katika fedha hizo, riba inachukua 54,167. Kinachopunguza deni lenyewe ni elfu nne na ushee. Mwaka ukiisha umeshatoa zaidi ya shilingi laki saba, na ukiangalia taarifa ya mkopo utaona deni limeshuka kwa elfu 56 tu. Wengi wenu mmeiona karatasi hiyo mkadhani benki imekosea. Haikukosea. Mkopo mrefu ndivyo ulivyo: miaka ya mwanzo ni ya riba, na deni lenyewe linaguswa kwa kidole.

Kwa sababu hiyohiyo shilingi ya ziada ina nguvu kubwa mwanzoni. Ongeza elfu 10 kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, na deni la miaka 20 linaisha kwa miaka 12 na mwezi mmoja hivi, riba ya zaidi ya milioni 4 ukiwa umeiepuka. Au mwisho wa mwaka wa kwanza upeleke laki tatu kwa mkupuo, halafu uendelee na malipo yako ya kawaida: umekata miezi 46. Laki tatu hizohizo ukizipeleka mwaka wa kumi na tano, haziwezi kufanya hata nusu ya kazi hiyo.

Basi anayetaka kulipa mapema ana haki, na sheria iko upande wake. Kifungu cha 85 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 kinampa aliyeweka nyumba rehani haki ya kumaliza deni wakati wowote. Mkataba unaweza kumtaka atoe notisi ya mwezi mmoja, au alipe riba isiyozidi ya mwezi mmoja, basi. Akikutisha mtu kwamba kumaliza mapema kutakufilisi, mwombe akuonyeshe sehemu hiyo kwenye mkataba wako, na usome wewe mwenyewe.

Fedha ya ziada nayo ina namna yake ya kupelekwa. Usiitumbukize kwenye akaunti na kwenda zako. Andika barua, useme wazi kwamba ni ya kupunguza deni lenyewe, na kwamba unataka muda wa mkopo ufupishwe, malipo ya mwezi yabaki vilevile. Usipoandika, huenda ikahesabiwa kuwa umelipa miezi ijayo mapema, au wakakupunguzia malipo ya mwezi na miaka ikabaki ileile. Mwezi unaofuata omba taarifa na uikague mstari kwa mstari.

Na riba haikai mahali pamoja. Mwaka 2020 riba ya msingi ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7. Februari 2024 ilifika 13, na kuanzia Agosti mwaka huohuo ikaanza kushushwa. Mwenye mkopo wa riba inayobadilika alipanda nayo. Ikishuka na benki ikakupunguzia malipo, nakuomba uendelee kutoa kile ulichokwisha zoea kutoa. Mfuko wako ulishakubali, hautaumia.

Mnaolipwa mshahara, kuna fedha yenu mnaiacha mezani. Sheria ya kodi ya mapato inamruhusu anayeishi katika nyumba aliyoikopea kuondoa riba ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi kwenye mapato yake kabla ya kodi kukatwa. Kikomo kilikuwa 25,000, kikapandishwa mwishoni mwa Desemba 2024. Anayekatwa kwa kiwango cha asilimia 30 anabakiwa na 9,000 mkononi kila mwezi. Omba benki cheti cha riba, kipeleke kwa mwajiri wako. Elfu tisa hiyo ndiyo karibu ile elfu kumi niliyoisema hapo juu.

Mlio kwenye musharaka, mahali ambapo nyumba ni yenu na benki kwa hisa, kila hisa mnayoinunua mapema inapunguza kodi ya sehemu iliyobaki, kwa hivyo maneno yangu yanawahusu. Mlio kwenye murabaha, mahali ambapo benki iliinunua nyumba ikawauzia kwa bei yenye faida yake, bei hiyo ilifungwa siku ya kutia saini. Ulizeni kwanza kama kuna punguzo lolote kabla ya kukimbilia kumaliza, maana hilo liko mikononi mwa benki.

Sasa mdai wa pili.

Nilinunua nyumba hii mwaka 1994. Miaka ile riba za mikopo zilipita asilimia 30, na kila barua ya aliyenikopesha ilinifanya nikose usingizi. Mwaka 1997 kazini tulilipwa malimbikizo, nikapata laki moja na ishirini. Mke wangu alisema, "Baba watoto, tazama dari ya chumba cha watoto." Palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya chai, unapita katikati ya slabu, lile zege la paa, kama uzi. Niliutazama nikasema ni rangi tu. Jirani alikuwa ameweka lango jipya la chuma, nami nikaweka langu. Zilizobaki nikatia sakafu nyekundu sebuleni, na kiasi kidogo nikapeleka kwenye deni.

Oktoba zikaja mvua za El Niño. Waliokuwapo wanakumbuka. Maji yalisimama juu ya paa letu bapa siku nyingi bila pa kwenda. Januari, usiku, tukasikia kishindo. Bonge la zege la ukubwa wa sinia lilikuwa limedondoka kwenye kitanda cha watoto. Watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao Mji wa Kale usiku ule. Mke wangu aliketi kando ya kitanda kile akalia mpaka alfajiri, na mimi sikuwa na neno la kumwambia.

Asubuhi fundi alipanda ngazi akanionyesha. Chuma kilichotakiwa kuwa kinene kama kidole kilikuwa kimevimba na kuachana tabaka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu. Alikivuta kwa mkono kikatoka unga wa kahawia. Ndipo nikaelewa. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi na unyevu hupenya kwenye nyufa, chuma kikipata kutu hutanuka, na kikitanuka hulipasua zege kutoka ndani. Ufa ukikua, maji zaidi yanaingia. Ni riba juu ya riba. Kazi ambayo mwaka uliotangulia ingemalizwa na sehemu ya fedha ya lango ilinigharimu mara nne yake. Nilikopa kwenye chama cha ushirika kuifanya, na kwa miaka miwili sikuweza kuongeza hata senti kwenye mkopo wa nyumba.

Kwa hivyo, wanangu, msiulize kama ni benki au ni ukarabati. Kila kazi iulizeni hivi: nikiiacha mwaka mmoja, itanigharimu zaidi au itakuwa vilevile? Paa linalovuja litagharimu zaidi. Slabu yenye mstari wa kutu itagharimu zaidi. Nyaya za stima zilizochakaa, shimo la maji taka linalotitia, mabomba ya chuma yaliyoliwa na maji ya kisima ya chumvi, zote hizo zina riba kali kuliko benki yoyote, na nyingine zinaweza kutoa roho. Hizo zitangulie hata kabla ya ile elfu kumi. Lakini dari ya jipsam, makabati ya jikoni, kabro uani, vigae vinavyong'aa? Vitakuwa vilevile mwakani. Havidai kitu. Vingojee, na fedha yake iende ikate miaka.

Najua ni vigumu. Mgeni akija haoni paa lililozibwa, anaona lango. Mashemeji wanakuja Idi wanakuta sakafu ya simiti. Wacheni waikute. Kama ni mwaka wa pili wa mkopo na paa halivuji, sakafu ya simiti iliyosuguliwa vizuri ni sakafu ya watu wenye akili, na hilo naliamini kwa moyo wangu wote.

Kazi za chumvi zina masharti, na hapa simameni juu ya fundi. Mchanga wa pwani usiingie kwenye zege yenye chuma, hata ukipewa bure. Maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha chumvi. Bora ununue bauza moja ya maji matamu kuliko kuja kubomoa. Anayeziba slabu asipake plasta juu ya kutu akakwambia kazi imekwisha. Abomoe mpaka kwenye chuma kizima, asugue mpaka king'ae, apake dawa ya kutu, ndipo azibe, na juu ya paa patiwe kizuia maji pamoja na mteremko wa kutolea maji. Kazi hii ifanywe wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kabla masika hayajaingia. Na fundi alipwe kwa hatua, kazi ikionekana ndipo fedha itoke.

Kukopa tena ili kukarabati nawakataza kama ninavyowakataza wanangu wa kuzaa, mikopo ya simu hasa. Huwezi kukimbizana na riba ya asilimia 13 kwa mguu mmoja huku mguu wa pili umeuingiza kwenye riba kali zaidi.

Tena kabla hujapeleka mkupuo wowote benki, weka kando malipo ya miezi mitatu hadi sita. Wengi wenu kazi zenu ni za hoteli na bandari. Mnakumbuka 2020 hoteli zilivyofungwa na watu wakarudishwa nyumbani. Fedha ikishaingia kwenye deni hairudi ukiililia. Na mambo yakiharibika, nendeni benki wenyewe mapema, mkiwa bado hamjakosa mwezi hata mmoja. Mume asimfiche mke wala mke asimfiche mume. Kuiweka rehani nyumba ya ndoa kulihitaji ridhaa ya wote wawili, na kuilipa ni vivyo hivyo.

Neno langu moja zaidi ni la hati. Baba yangu alijenga nyumba Majengo juu ya ploti ya mtu mwingine, kama walivyojenga wengi wa mji huu. Ukuta ulikuwa wake, ardhi si yake, na kila mwisho wa mwezi alikwenda kulipa kodi ya ardhi mpaka alipokufa. Mimi nilipomaliza deni langu mwaka 2006 nilidhani mambo yamekwisha. Miezi minane baadaye nikagundua kwamba rehani bado imeandikwa kwenye rejesta ya ardhi kwa sababu hakuna aliyeshughulikia kuiondoa. Ukitoa shilingi ya mwisho, dai hati ya kuondoa rehani iliyotiwa saini, isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi, kisha uchukue hati miliki yako halisi mkononi. Mimi niliipeleka kaburini kwa baba kabla sijaifungia kabatini.

Jumamosi hii nitakuwa barazani kuanzia saa mbili asubuhi, kahawa ipo. Njooni na taarifa zenu za mkopo, tuzipige hesabu pamoja, nyumba moja baada ya nyingine. Na mje na nyundo ndogo. Tukimaliza karatasi tutazunguka kugonga slabu zenu, mimi na yule fundi wangu, ambaye sasa ni mzee kama mimi lakini sikio lake bado linajua mahali palipo na uwazi ndani.

Ni mimi, babu yenu wa nyumba ya kona, Bamburi.