Barua kwa Mama Nuru: kabla hujanunua inkubeta

Mama Nuru mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Huku hatujambo.

Mama Upendo kaniambia umejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, na pesa za ahadi zitanunua inkubeta, ile mashine ya kumtunzia mtoto kwa joto, ya kuwashukuru manesi wa wodi ya watoto njiti waliomlea Nuru. Nimefurahi mno. Ila hiyo inkubeta imeninyima usingizi, ndiyo maana naandika leo.

Zungumza kwanza na nesi kiongozi wa wodi. Inkubeta inataka umeme usiokatika, kusafishwa kila mtoto anapotoka, na vipuri. Kihisi cha joto la ngozi kikifa, mashine nzima inasukumwa kona. Za msaada kutoka Marekani mara nyingi ni za volti 110 hadi 120. Ukiichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma, inaweza kuungua hapo hapo.

Vinavyoisha kila siku ni vidogo: mirija ya kulishia namba 5 na 6, sirinji, kanula za njano namba 24 za kuwekea dripu, kofia, soksi. Vihisi vya oksimita, kipimo cha oksijeni, vya kufunga mguuni pia, maana kile cha kubana kidole cha mtu mzima kinamtoka mtoto wa kilo moja na nusu, na kisipotoka kinasoma uongo. Halafu viti vya kuegemea. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto njiti akae kifuani, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Wewe unajua mgongo unavyokuwa ukikaa hivyo kwenye benchi! Maziwa ya kopo usipeleke kabisa. Peleka vikombe vidogo vya kunyweshea maziwa ya mama.

Ahadi zikusanye kabla ya mbio, kiasi kimoja kwa mbio nzima. Ukisema "kwa kila kilomita" utadai watu mpaka Pasaka. Ziweke kwenye laini ya peke yake, isiyogusa pesa ya mboga. Kama mtatoa fedha taslimu, hospitali ya serikali iwape kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, risiti uwatumie wote waliochanga.

Mbio zenyewe: njia inapanda kuelekea Mweka kisha inateremka, na mteremko ndio unaoua mapaja. Fanya mazoezi ya kushuka pia. Nyonyesha kabla ya kutoka, kifua kisijae njiani.

Lakini inkubeta, ndugu yangu, tafadhali. Umeshalipa chochote? Muuzaji anakubali kurudisha? Nesi kiongozi umempigia, na fundi wa vifaa tiba je? Kidonda cha kisu cha kujifungulia kimetulia, daktari amekuruhusu kukimbia? Nani atabaki na Nuru alfajiri ile? Sasa ana kilo ngapi? Nijibu hata kwa mistari miwili, kabla hujatoa hiyo pesa.

Akupendaye,
Mama Baraka